Takhmisa ya Toronto: Herbie Hancock na wenzake walivyowaenzi Miles na Coltrane

Jamaa yangu mmoja anayepiga besi kwenye kwaya ya kanisa alikuja kwangu jioni moja na spika yake ndogo, nikamwekea "So What". Si ile ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, ambayo anaijua nje ndani, bali ile iliyopigwa jukwaani Toronto, Kanada, tarehe 25 Oktoba 2001. Alisikiliza kama dakika tatu, akakunja uso. "Hawa si wamesema wanamuenzi mzee? Mbona wimbo wake wameuvunjavunja?"

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikashindwa. Swali lenyewe ni kongwe, na kwenye jazz lina fundo lisilofunguka kwa sentensi moja. Unamuenzije mtu ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kukataa kurudia? Ukipiga vilevile alivyopiga yeye, umemkana. Ukibadilisha kila kitu, watu watakuuliza jina lake linatafuta nini kwenye jalada lako.

Albamu yenyewe inaitwa Directions in Music: Live at Massey Hall, na ilitolewa na kampuni ya rekodi ya Verve mwaka 2002. Wenye majina yao juu ya jalada ni watatu: Herbie Hancock kwenye piano, Michael Brecker kwenye saksafoni ya tena, na Roy Hargrove kwenye tarumbeta. Wanaosukuma gari kwa nyuma ni John Patitucci kwenye besi na Brian Blade kwenye dramu. Kilichowakutanisha ni hesabu ya miaka. Miles Davis alizaliwa 26 Mei 1926 huko Alton, Illinois; mpiga saksafoni John Coltrane akazaliwa 23 Septemba mwaka huohuo huko Hamlet, North Carolina. Wangekuwa hai, mwaka 2001 wote wawili wangetimiza miaka 75. Coltrane hakufika hata 41, alifariki Julai 1967. Miles alifariki Septemba 1991, akiwa na miaka 65.

Niweke jambo moja sawa kabla sijaendelea, maana kwetu neno hili lina historia yake. Tuliokulia kwenye dansi tunalijua neno jazz kutoka kwa Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Jina lilisafiri likafika, likakuta rumba na ngoma zetu, likakaa hapo kama kibandiko cha kisasa. Muziki ninaouzungumzia hapa ni ule mwingine, wa Weusi wa Marekani, ambao roho yake ni kutunga papo kwa papo mbele ya watu: wimbo unatajwa mwanzoni kama salamu, kisha kila mpigaji anaingia na lake juu ya mifupa ya wimbo huohuo.

Sasa turudi kwenye fundo. Herbie alikuwa amekwisha kujaribu kulifungua mara mbili. Mwaka 1976 aliwakusanya wenzake waliopiga pamoja kwenye bendi ya Miles ya miaka ya 1960: Wayne Shorter, Ron Carter na Tony Williams. Miles mwenyewe hakupatikana, kwa hiyo kiti chake kikakaliwa na Freddie Hubbard, na kundi likajulikana kama V.S.O.P. Kisha mwaka 1994, Miles akiwa amekwisha kufa, wanne walewale wakatoa A Tribute to Miles, safari hii tarumbeta likishikwa na Wallace Roney, kijana ambaye Miles alimlea na kusimama naye jukwaani Montreux, Uswisi, mwaka 1991. Ni kazi nzuri zote mbili. Lakini ukizisikiliza unaona wazi tatizo liko wapi: ni meza ileile, viti vilevile, na kiti kimoja tu kimebadilishwa mtu. Masikio yako yanakwenda kwenye kile kiti. Unaanza kulinganisha. Maskini Roney alilinganishwa maisha yake yote.

Mwaka 2001 meza ilivunjwa. Kati ya watu watano waliopanda jukwaani Toronto, Herbie peke yake ndiye aliyekuwa mwanabendi wa Miles. Brecker alizaliwa mwaka 1949 Philadelphia, mji uleule ambao Coltrane alihamia akiwa kijana na ndimo alimokomaa kimuziki, na alisema mara nyingi kwamba Coltrane ndiye aliyemfanya achague muziki kuwa kazi yake. Hargrove alizaliwa Texas mwaka 1969, Coltrane akiwa kaburini miaka miwili. Kwao hawa wazee wawili walikuwa zaidi sauti kwenye sahani ya santuri. Hakuna aliyekuja kujaza kiti.

Hapo ndipo nilipomwambia jamaa yangu habari ya takhmisa.

Wasomaji wa ushairi wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina lake. Mshairi anachukua shairi la aliyemtangulia, ubeti kwa ubeti. Mbele ya mishororo miwili ya yule wa kwanza anatanguliza mitatu ya kwake, ikawa mitano, na vina lazima vikubaliane. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa kwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule wa Al-Inkishafi, ndiyo mfano mashuhuri. Ukiisoma unasikia watu wawili ndani ya ubeti mmoja. Wa pili hajifichi nyuma ya wa kwanza, wala hamfuti. Anaitengeneza njia ya kumfikia, kiasi kwamba ile mishororo ya kale ikifika, inafika na maana ambayo haikuwa nayo jana.

Hiyo ni tofauti na kopi. Bendi za hotelini hupiga kopi, na ni kazi halali inayolisha familia. Mteja anataka wimbo kama alivyousikia redioni, anaupata. Kopi inapimwa kwa kufanana. Takhmisa inapimwa kwa kuitikiana.

Mfano wangu una kilema chake, nakubali. Mtunzi wa takhmisa hagusi maneno ya mwenye shairi, na wanajazz wanagusa kila kitu. Lakini ungoje uone wanachokiacha bila kukigusa.

Tuchukue hiyo "So What" iliyomkera jamaa yangu. Miles aliirekodi New York tarehe 2 Machi 1959, na Coltrane alikuwa kwenye bendi siku hiyo. Kabla ya hapo, wanajazz wa kizazi cha mpiga saksafoni Charlie Parker walizoea kutunga juu ya kodi (namaanisha zile za gitaa, noti kadhaa zikilia pamoja, si za serikali) zinazobadilika kila baada ya mapigo mawili au manne. Ni kama kuvuka mto kwa kuruka juu ya mawe: ukichelewa jiwe moja, umelowa. Miles akayaondoa mawe. "So What" ina vipimo 32 tu, vya mapigo manne manne. Vinane vya kwanza unakaa kwenye ngazi moja ya sauti, vinane vinavyofuata hapohapo, kisha unapanda nusu hatua kwa vinane, halafu unashuka kurudi nyumbani kwa vinane vya mwisho. Basi.

Mwanakwaya yeyote aliyefundishwa kwa do-re-mi anaweza kuipata ngazi yenyewe sasa hivi. Usianzie do. Anzia re, panda mi, fa, so, la, ti, do, ukaishie re ya juu. Imba polepole, utasikia kitu kisicho cha furaha wala cha msiba, kinachoning'inia katikati. Juu ya hicho, besi ya Paul Chambers inauliza swali, na wenzake wanaitikia kwa kodi mbili tu, kama waumini wanavyosema "amina". Huo ndio wimbo mzima. Mpiga solo anapewa uwanja mpana usio na mti wala jiwe, aonekane ni nani.

Sasa sikia alichofanya Coltrane. Miaka miwili baadaye, akiwa na bendi yake, alirekodi "Impressions" mbele ya watu kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, Novemba 1961. Vipimo ni 32. Vinane, vinane, panda nusu hatua, vinane, shuka. Ngazi ileile. Ni mizani ya "So What" kwa ukamilifu wake, juu yake akaweka melodia nyingine na mwendo wa kasi unaokatisha pumzi. Kwa lugha yetu ya ushairi, Coltrane alimjibu Miles kwa bahari ileile na urari uleule wa mizani, maneno yakiwa mapya. Na hata hayo maneno mapya yana ukoo: melodia yake inafanana sana na "Pavanne" ya Morton Gould, ambayo mpiga piano Ahmad Jamal aliirekodi mwaka 1955, na Miles alikuwa hafichi mapenzi yake kwa Jamal. Ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inakuja.

Kwa hiyo bendi ya Toronto ilipoandika kwenye orodha "So What/Impressions" kama kipande kimoja, haikuwa imeunganisha nyimbo mbili kwa sababu ya kubana muda. Ilikuwa inasema kwa vitendo: hizi tangu mwanzo ni nyumba moja yenye milango miwili. Mizani imebaki palepale, na hicho ndicho ambacho hawakukigusa. Sura ya nje ndiyo wameichezea. Vipande vya melodia vinakuja na kupotea, hiki cha Miles, kile cha Coltrane, na msikilizaji anayesubiri lile swali la besi na zile "amina" mbili kama anavyozijua anabaki amesimama mlangoni. Jamaa yangu alikuwa amesimama hapohapo.

Kuna kisa ambacho Herbie amekisimulia mara nyingi, na kinahusu wimbo huuhuu. Ilikuwa Stuttgart, Ujerumani, miaka ya 1960, na yeye alikuwa kijana. Aliingia kwa Miles mwaka 1963 akiwa na miaka 23. Usiku ulikuwa umekolea, bendi inachemka, wakawa kwenye "So What". Miles anaendelea na solo, na Herbie akapiga kodi ambayo ilikuwa kosa tupu, kosa la kumfanya mtu ashike masikio. Akadhani ameuangusha usiku mzima. Miles akanyamaza kitambo kidogo, kisha akapiga noti chache, na zile noti zikaifanya kodi ile iwe sahihi. Herbie anasema ilimchukua miaka kuelewa: yeye alikuwa amehukumu alichokipiga, Miles hakuhukumu. Alikipokea kama kitu kilichotokea, akatafuta cha kukifanyia.

Somo hilo huwezi kulinakili kutoka kwenye santuri. Noti za Miles unaweza kuziandika zote kwenye karatasi, na wanafunzi wengi wameziandika. Lakini ule ukimya wa kitambo kidogo kabla hajajibu, huo utauandikaje? Nadhani ndiyo sababu albamu hii ilibidi irekodiwe mbele ya watu. Studio inakupa nafasi ya kufuta. Mtu anayemuenzi Miles kwa kufuta makosa hajamwelewa Miles.

Na jukwaa lenyewe lina maneno yake. Massey Hall ilifunguliwa mwaka 1894, na tarehe 15 Mei 1953 walipiga hapo Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach, wote kwa usiku mmoja. Ukumbi haukujaa. Jioni ileile Rocky Marciano alikuwa anarudiana na Jersey Joe Walcott kugombea ubingwa wa uzito wa juu, na watu walibaki na ngumi zao, ambazo hata hivyo ziliisha raundi ya kwanza. Parker alipiga saksafoni ya plastiki, na kwenye jalada la rekodi akaitwa "Charlie Chan" kwa sababu za mikataba. Rekodi hiyo, iliyotolewa na Debut, kampuni ya Mingus na Roach wenyewe, watu wanaitaja hadi leo kwa heshima ya usiku usiorudiwa, ingawa Mingus hakuridhika na jinsi besi yake ilivyosikika, akaingia studio akaipiga upya juu yake. Kwa hiyo hata hapo kufuta kulikuwepo. Simlaumu, mpiga besi asiyesikika ana haki ya kukasirika.

Ninachotaka uone ni mnyororo. Miles alifika New York mwaka 1944, akamtafuta Parker hadi akampata, mwaka uliofuata akawa kwenye bendi yake. Huyo Parker ndiye aliyesimama Massey Hall. Coltrane akawa kwenye bendi ya Miles kuanzia 1955. Herbie akaingia 1963. Kumuenzi Miles kwenye mbao zilezile alizokanyaga mwalimu wake ni kama kusoma maulidi ya mtu nyumbani kwa babu yake. Hakuna aliyelazimika kulisema hilo jukwaani, ukumbi ulilisema.

Kwenye albamu hii pana dakika saba na ushei ambazo ningezichukua nikiambiwa niache nyingine zote. Wanne wanakaa kimya. Brecker anabaki peke yake na saksafoni, anapiga "Naima".

Coltrane alimtungia mkewe wimbo huo na kuupa jina la mke huyo, na aliurekodi Desemba 1959. Jina hilo kwetu si geni: mzizi wake wa Kiarabu ndio huohuo uliotupa neema. Ajabu ya wimbo iko kwenye besi. Huku kodi zinageuka juu moja baada ya nyingine, besi inang'ang'ania noti moja, inaipigapiga hapohapo, ikihamia nyingine katikati ya wimbo na kurejea. Kilicho juu kinaelea kwa sababu kilicho chini hakiondoki. Mwaka huohuo wa 1959, mwezi Mei, Coltrane alikuwa amerekodi "Giant Steps", ambamo kodi zinakimbizana kama mtu anayefukuzwa na mbwa, na mpiga piano alisikika akihema nyuma. "Naima" ni pumzi baada ya mbio hizo.

Sasa saksafoni ina shida moja ya kimaumbile: inatoa noti moja kwa wakati mmoja. Ukiipiga "Naima" bila besi na bila piano, umeondoa sakafu na umeondoa paa. Brecker anafanya nini? Anaruka. Anapiga kipande cha melodia, na kabla hakijazima masikioni anashuka ghafla chini kabisa ya saksafoni, anagusa noti nzito, anapanda tena kabla hujajua ameondoka. Akishafanya hivyo mara kadhaa, sikio lako linaanza kuishikilia ile noti ya chini lenyewe, linaiendeleza hata pale asipoipiga. Katikati anaachia mafuriko ya noti zinazopanda na kushuka kwa kasi ambayo mtu angeapa ni saksafoni mbili. Watu wengi wanaisifia sehemu hiyo, na kwa kweli mkono wa fundi unaonekana. Mimi naona kazi kubwa zaidi iko kwenye mapengo. Anakuachia nafasi, na wewe msikilizaji ndiye unayeweka sakafu.

Hapo takhmisa imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Badala ya kuongeza mishororo, Brecker amepunguza. Ameondoa nguzo ambayo Coltrane aliijengea wimbo mzima, akitegemea kwamba tunaijua vya kutosha kuisikia isipokuwepo. Hiyo ni heshima ya ngazi nyingine. Huwezi kumwachia pengo mtu usiyemwamini.

"My Ship" ni upande wa Miles. Wimbo huu ulianzia kwenye tamthilia ya muziki ya Broadway mwaka 1941, muziki wa Kurt Weill na maneno ya Ira Gershwin. Miles aliuchukua mwaka 1957 akiwa na mpangaji wa muziki Gil Evans na bendi kubwa nyuma yake. Toronto bendi kubwa haipo. Hargrove hamwigi Miles, na sauti yake haikuwahi kuwa ya Miles hata siku moja. Ina joto na unene unaomkumbusha mtu mpiga tarumbeta Clifford Brown. Chini yake Herbie anafanya kazi ya watu kumi na tano kwa kuacha nusu ya noti zake. Anasimulia kwamba zamani, alipokuwa amekwama, Miles alimnong'oneza kitu ambacho yeye alikisikia kuwa "usipige noti za siagi". Hakuuliza maana. Akajitafsiria kwamba siagi ni mafuta, mafuta ni kile kilicho dhahiri, basi aache zile noti zinazomwambia msikilizaji kila kitu: hii ni kodi ya furaha, hii ni ya huzuni. Akaziacha, na uwanja ukafunguka. Solo yake ya "My Ship" ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2003, na albamu nzima ikapata ya albamu bora ya jazz ya ala. Tuzo hazinithibitishii kitu, ila hapa nadhani majaji walisikia walichopaswa kusikia.

Jamaa yangu alikuwa na shtaka la pili: nyimbo nyingine kwenye albamu si za Miles wala za Coltrane. Ni kweli. "The Poet" ni ya Hargrove, "D Trane" ni ya Brecker, "Misstery" waliitunga watatu kwa pamoja. Hata "The Sorcerer" inayofungua albamu ni ya Herbie, ingawa Miles aliirekodi mwaka 1967 na mchawi anayetajwa humo ni Miles mwenyewe. Hapo jibu liko kwenye jina la albamu. "Directions in Music" si maneno yao. Miles ndiye aliyeanza kuyaandika kwenye majalada yake, akianzia na Filles de Kilimanjaro, iliyorekodiwa mwaka 1968, na Herbie amepiga humo kwenye piano ya umeme. Ndiyo, mabinti wa Kilimanjaro, kwa Kifaransa. Jina hilo linahusishwa na biashara ya kahawa ya Kilimanjaro ambayo Miles alikuwa ameweka fedha zake. Alichomaanisha kwa maneno yale ya jaladani ni kwamba anayoitoa ni mielekeo, nyimbo ni matokeo tu. Ukirithi mwelekeo, unatembea. Mtu aliyerithi njia halafu akakaa mwanzoni mwake akiifagia kila asubuhi, huyo hajarithi.

Miles aliliishi hilo hadi karibu kukera. Miaka zaidi ya ishirini watu walimwomba apige vitu vya zamani, akakataa. Alikubali Julai 1991, Montreux, Quincy Jones alipomshawishi kurudia nyimbo za zamani zilizopangwa na Gil Evans. Septemba akafariki.

Na kwa kuwa nimemtaja Herbie na Kilimanjaro, siwezi kulipita hili la pembeni. Mtu huyu ana jina la Kiswahili: Mwandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Weusi wengi wa Marekani walipokuwa wanakitafuta Kiswahili kama lugha ya kujiunganisha na Afrika, bendi yake nzima ilipewa majina na mwanamuziki aliyejiita Mtume, ambaye baadaye alipiga ngoma kwenye bendi ya Miles. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, na hadi leo wapo wanaomwita hivyo. Julian Priester akawa Pepo Mtoto. Bennie Maupin akawa Mwile, ambaye kwetu angeandikwa Mwili. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, na hilo lilimkaa barabara kwa sababu alikuwa daktari kweli, wa hospitali, na vyeti vyake. Ilikuwa mielekeo tena: Herbie alikuwa ametoka kwa Miles, na namna yake ya kumheshimu ilikuwa kwenda mahali ambapo Miles hakumtuma.

"Transition" ndiyo ngumu kuliko zote kwenye albamu, na sitakudanganya kwamba itakuingia mara ya kwanza. Coltrane aliirekodi Juni 1965, na ilitoka baada ya kifo chake. Ni muziki wa mtu anayeuacha mji mmoja na mwingine haujaonekana. Blade anapiga dramu zake kama bahari ya kusi, huwezi kuhesabu mawimbi, lakini ukiacha kuhesabu unaona kwamba hujapotea.

Brecker alifariki Januari 2007, Hargrove Novemba 2018. Waliokuwa wanaenzi sasa nao wanaenziwa, na "D Trane" inasubiri mtu wa kuitangulizia mishororo yake.

Nilipomaliza maneno yote haya, jamaa yangu alikuwa ameshachoka kunisikiliza. Akaichukua simu yangu mwenyewe, akatafuta "Naima", akairudisha mwanzo. Safari hii hakukunja uso. Baada ya dakika moja hivi nikamsikia anavuma kwa mdomo uliofungwa, noti moja tu, chini kabisa, anaishikilia pale ambapo besi ingekuwa. Ikaelewana na Brecker kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha Brecker akahama, jamaa akabaki na noti yake mkononi, akacheka, akaanza kumtafuta.